Kuku na K ya Pili

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya magharibi

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, mvua imekata, Mama Salha karudi kutoka Pangani na dagaa wa kutosha mtaa mzima, na mie sijambo ila usingizi umenihama. Shemeji hajambo? Watoto je?

Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Mosi, na salamu zako mbili kupitia kwa yule dereva wa basi zilinifika. Niwie radhi. Leo nimechukua karatasi kwa makusudi, maana jambo lenyewe ni la herufi, mchezo wa maneno ya Kiswahili ninaoutengeneza, na kwenye simu utanijibu “sawa” halafu basi. Mie nataka jibu refu, na nalitaka kabla ya Ijumaa, kwa kuwa fundi Seif keshakata vipande vya mninga na anasubiri nimwambie achome nini juu yake.

Nianze na kuku. Likizo ya Desemba Bakari alikuja na boksi la Scrabble kutoka Dar, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi. Umeme ukakatika, tukawasha taa, tukamwaga kete mkekani, watoto wakazunguka. Zuhura, yule wa miaka saba, akapanga K, U, akaacha nafasi, akaweka U nyingine, kisha akaanza kupekua mfuko. “Mama mkubwa, K nyingine iko wapi?” Tukapekua pamoja. Haipo, Mwanaisha. Kete mia moja, K ni moja tu! Zile mbili tupu zinazosimamia herufi yoyote zilikwisha tumika. Mtoto akabaki na kuku asiye na kichwa cha pili, machozi yanamlenga.

Usiku ule sikulala. Nikawa nahesabu kitandani: kaka haandikiki, kikombe hakiandikiki, kikapu, kiboko, kukaa, kaskazi, vyote nje. Boksi halina kosa, limetengenezwa kwa Kiingereza na kwa Kiingereza linatosha. E zimo kumi na mbili, A ni tisa. Sasa chukua “haraka haraka haina baraka” uhesabu. Herufi 23, na 11 kati yake ni A! Methali moja tu ya mtoto wa chekechea inamaliza A zote za boksi na bado inadai mbili.

Bakari ndiye aliyenisimulia habari za aliyeubuni, Alfred Butts, Mmarekani msanifu wa majengo aliyekosa kazi katika ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Alichukua magazeti akahesabu herufi moja moja, ili ajue ipi iwe nyingi na ipi iwe adimu. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, kwa mtu mwingine. Nikasema, kama yeye alihesabu magazeti, mie nina barua zako. Zote ninazo kwenye bati la biskuti, tangu ulipoolewa Mombasa. Nikazitoa, nikahesabu. A ikaongoza kila ukurasa bila mpinzani, I ikafuata, K na N zikagombana njia nzima. Q na X hazikuonekana hata mara moja, na C haikuonekana bila H pembeni yake, kwa hiyo kwangu CH ni kete moja. Ukiifanya moja tu, angalia kinachotokea: choka, chako, kocha. Herufi zile zile!

Hapo ndipo nilipopotelea. Nilianza nikitaka K ya pili tu, sasa nazipindua herufi za kila neno ninalolisikia. Mteja anasimama mbele yangu napima kiuno, mie nawaza bahari ni habari, safari ni farasi. Mali ni lima, ni mila, ni lami, ni imla. Samaki nilikaa naye siku nzima kwenye cherehani. Ametoa masika, ametoa makasi niliyoyashika mkononi, ametoa kamasi, Zuhura akacheka mpaka akakohoa. Bakari akataka kuongeza Masaki ya Dar es Salaam, nikamkatalia, majina ya mitaa hayamo. Halafu kuna hili ambalo sijamwambia mtu ila wewe: sita na tisa ni herufi zile zile. Na tarakimu yenyewe, 6, ukiipindua kichwa chini inakuwa 9. Nilipoliona nilisimama katikati ya chumba peke yangu.

Mama Salha alishiriki kwa moyo wote mpaka Bakari alipopindua simba akapata msiba. Unamjua kwa timu yake. Aliinuka, akavaa kanga, akasema hakai tena kwenye mkeka huo mpaka msiba uondolewe. Ilibidi nimpelekee chai kwake.

Sasa ndio nakuja kwenye linaloninyima usingizi. Unakumbuka bwenini, tulivyokuwa tunasema kinyume ili matroni asituelewe? “Ole naku liwa.” Leo kuna wali! Wewe ulikuwa na kasi kuliko wote, ulikuwa unapindua maneno marefu bila kuvuta pumzi. Nilipolikumbuka hilo nikajiuliza kwa nini nahangaika na herufi. Sisi hatukuwahi kupindua herufi. Tulipindua silabi. Na wali ukiupindua kwa silabi unapata liwa, rafiki anatoa fikira, bahari inatoa habari. Hata kusoma tulifundishwa hivyo, ba be bi bo bu, ndivyo Zuhura anavyofundishwa mpaka leo. Mtoto wetu haanzi na K, anaanza na ka ke ki ko ku. Basi nikasema kete ziwe silabi, kila kete moja iwe na ka, au ku, au ba. Nikakata maboksi ya nyuzi, nikaandika kwa makapeni, nikafurahi siku mbili.

Siku ya tatu nikahesabu. Konsonanti zetu za kawaida, ukiihesabu CH kuwa moja, ni 19. Mara irabu tano, 95. Ongeza irabu zenyewe, zikisimama peke yake, 100. Mia kamili, Mwanaisha, na kila silabi imeingia mara moja tu, bado sijaweka sha, nya, mba, ndi, ng'o, wala ile m ya mtu inayosimama peke yake. Na kwa kuwa ku ni moja, Zuhura akitaka kuandika kuku anakwama pale pale alipokwama Desemba! Nikitaka kila moja iwe mbili au tatu, itabidi niuze mchezo kwa gunia. Tena kwa silabi nawapoteza samaki na masika, nampoteza farasi, naipoteza sita na tisa yangu. Simba na msiba hawakutani kamwe, maana m ya simba imebebwa na b na ile ya msiba inajitegemea. Mama Salha atafurahi, lakini mie roho inaniuma.

Kwa herufi peke yake nako kuna shida, na shida hiyo iko upande wa pili wa mchezo, ule wa kujaza pengo. Nilidhani ni rahisi: toa irabu, mwenzako azirudishe. Nikamwandikia Bakari K, pengo, T, pengo. Akanipa kata, kati, keti, kete, kita, kiti, kito, kitu, kota, koti, kuta, kuti, kutu. Kumi na tatu, na bado anafikiria. Huo si mchezo tena, kila jibu ni sahihi. Nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi.

Sijui kama nilikusimulia. Bibi yangu mzaa baba aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, na kwa mwandiko wake, kama walivyoandika wengi wa zamani, alama moja ilisimamia o na u, nyingine ikasimamia e na i, na mb mara nyingi ikaandikwa b peke yake. Msomaji ndiye alijaza. Siku moja ikaja barua kutoka Muheza, mie nimetoka chuoni na kujua kwangu kote, nikapewa nisome mbele ya watu. Nikasoma kwa sauti: “mwambieni Ali achome maembe”. Kimya. Baba akauliza, achome? Mama akauliza, maembe gani yanayochomwa? Mpaka mzee mmoja akasema, mwanangu, achume. Achume maembe. Tangu siku hiyo kila msimu wa maembe ndugu zangu wananiuliza kama kibiriti kipo.

Nimeirudia sana barua ile wiki hii. Bibi hakuwa akiacha pengo ili kutukwaza. Aliacha kwa sababu alijua anayesoma anajua maneno, na sentensi itamshika mkono. Kwa hiyo pengo letu nalo linahitaji kitu cha kulishikilia. Nimejaribu kutoa silabi nzima kutoka neno la silabi tatu, badala ya herufi. HA, pengo, RI. Nimepata habari, hatari, hariri. Matatu, basi. Hapo mtu anaumiza kichwa kidogo, kisha anapata, na anayepata yote matatu anazoa pointi zaidi. Umeona? Inafanya kazi! Kwa hiyo ninavyofikiri sasa hivi, usiku huu, kete ziwe za herufi kwa ajili ya kupindua, na kadi ziwe za silabi kwa ajili ya pengo, vyote boksi moja. Lakini kesho asubuhi huenda nikafikiri vingine, ndiyo maana nakuhitaji.

Kuna na hili la ubao. Bwana Butts aliweka S nne tu, ili watu wasiongeze S mwishoni kila mara kutengeneza wingi. Wao neno lao linakua mkiani. Letu linakua kichwani. Weka tu, mbele yake ongeza M, inakuwa mtu. Ongeza U, utu. Kitu, vitu, jitu. Weka tabu, mtu anakuja na ki, anapata kitabu, pointi zote zake. Kwa hiyo neno la kwanza lisianzie katikati ya ubao kama la kwao, lisogezwe kulia, kushoto kubaki nafasi ya kuotea. Hili nina uhakika nalo, fundi Seif amelielewa mara moja, na yeye hakusoma sana.

Vitenzi ndivyo vinavyonitisha. Ukikubali anakula, umekubali na walikula, tutakula, hatujala, na mchezo hauna mwisho. Nimesema kitenzi kiwe kile unachomwamuru mtu mmoja tu: lima, soma, keti. Bakari anadai pesa na sepa, nikamwambia sepa ni la vijiweni. Akaniuliza, na vijiweni wanasema lugha gani? Sikuwa na jibu, na bado sina.

Na wewe huko ndio kabisa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ndiyo nimeiweka kuwa mwamuzi, lakini mama mkwe wako akisema ndia kwa njia, ndaa kwa njaa na moya kwa moja, nani wa kumwambia kuwa si maneno? Nakumbuka nilipokuja kwenye harusi yako nilivyokaa uani nikiwasikiliza wazee wale wa Mji wa Kale. Maneno yao sitaki yabaki nje ya boksi langu. Lakini nikiyaingiza, mtoto wa Dodoma atalalamika ameonewa. Nimewaza kadi za pembeni, za Kimvita, lahaja yenu ya Mombasa, anayezitaka azitumie... sijui. Zuhura ananiita, nitarudi.

Nimerudi. Alikuwa anataka kuniambia kuwa kazi ukiipindua inakuwa kiza. Nikamwambia na zika pia. Ana miaka saba, Mwanaisha, na wiki mbili zilizopita alikuwa anakimbia kitabu.

Basi nisikuchoshe. Naomba haya. Mkalishe mama mkwe na shoga zake jioni moja, uwaulize kama wao walisema kinyume utotoni, na walipindua vipi neno la silabi nne. Uniandikie kama wanavyosema, usininyooshee. Halafu uniambie wewe mwenyewe: herufi au silabi? Kete za K ziwe sita zinatosha, au niweke nane? NG' iwe kete yake, au mtu aitengeneze kwa N na G, na ng'ombe akose kikoromeo chake? Limwa na limia nizikubali? HA, pengo, RI, unalo la nne? Na jina je? Mie nimeng'ang'ania Panga Pangua, Bakari anasema halivutii. Utakuja lini wewe? Ukija baada ya Ijumaa utazikuta kete tayari, lakini nilitamani za kwanza tuzicheze wewe na mie kabla hazijashikwa na mtu.

Mpe barua dereva yule yule, anaondoka Mombasa alfajiri, atampa Mama Salha kituoni.

Wako akupendaye,
Mwanahamisi

N.B. Kabla hujajibu, pangua hii: A I I K L M. Nimepata maneno matatu. Moja utaliona ukitoka Tanga kwenda Lushoto.