Treni chini ya mwezi

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ile picha ya mchoraji wa Kijapani Kobayashi Kiyochika uliyoniletea kwenye simu, treni ya usiku ya mwaka 1879, nimeitazama mpaka macho yameniuma.

Reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa mwaka 1872, kutoka Shinbashi hadi Yokohama. Wachapaji picha waliichangamkia. Mchoraji Hiroshige wa Tatu alijaza karatasi treni na majumba ya matofali ya Ginza, mtaa wa Tokyo, kwa wekundu na zambarau kali za rangi mpya zilizotoka Ulaya. Siwalaumu; wateja walitaka kuona maajabu.

Kiyochika ni mtu mwingine. Baba yake alikuwa mtumishi mdogo wa utawala wa shogun, yule mtawala wa kijeshi wa Japani. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1868, kijana akamfuata bwana wake aliyeshindwa mpaka Shizuoka. Alirudi mwaka 1874. Edo alikozaliwa ilikuwa tayari inaitwa Tokyo, na Ginza ina taa za gesi. Ndiyo maana, nadhani mimi, anachora usiku. Treni yake ni kivuli cheusi chenye madirisha yanayowaka, na mwanga wake umemwagika majini. Katika picha zake nyingine watu nao ni vivuli, wametupa mgongo, wanatazama taa. Hawashangilii wala hawalii.

Lakini mimi ni seremala, nitakuambia kilichonigusa zaidi. Picha zile huchapwa kwa mbao zilizochongwa, nazo ni mbao za mcheri, ngumu, nyuzi zimebanana, ndiyo maana mstari mwembamba kama unywele haumeguki. Kila rangi ina ubao wake. Pembeni huchongwa alama mbili ili karatasi ikae palepale kila mara. Ikiteleza kidogo tu, picha imeharibika. Na ule weusi wa anga unaofifia taratibu hautoki kwenye patasi. Ni mkono wa mchapaji, anaifuta rangi kwenye ubao wenye maji, kisha anausugua mgongo wa karatasi kwa kifaa kilichofungwa ganda la mwanzi. Karatasi moja moja, mara mia kadhaa. Kiyochika alichora, wengine walichonga na kuchapa, na katika picha nyingi majina yao hayapo. Hilo limeniuma.

Ukirudi pale makumbusho, isogelee. Angalia ule mwanga ndani ya maji, uniambie kama nyuzi za mbao zinaonekana.

Baba yako