Usisaini Kabla Hujanijibu

Mombasa, Jumapili usiku

Chege ndugu yangu,

Hujambo? Wazee je? Huku tuko salama, joto tu. Umenyamaza tangu Pasaka nikajua kuna jambo, na kumbe lipo: Salim kanitumia picha za mkataba wa bendi yenu na ile kampuni ya rekodi.

Pale paliposema "rekodi zote, za zamani na zijazo, ni mali ya kampuni", nimerudia kusoma nikidhani macho yananidanganya. Hiyo advansi, hela ya mbele wanayowapungia, ni deni, Chege. Itakatwa kwanza kwenye mauzo yenu, pamoja na gharama za studio na video, ndipo muanze kuhesabu chenu.

Najua unavyosema hapo: huyu naye na Fugazi zake. Ndiyo, Fugazi, ile bendi ya punk ya Washington. Tulizipenda zile gitaa, ila daftari lao hatukulitazama, na leo ndilo linalonishughulisha. Lebo yao, yaani kampuni ya kutoa rekodi, Dischord, ilianza huko Washington mwaka 1980 kwa akiba ya bendi ya vijana, kama dola 600, ikatoa santuri 1,000. Majalada waliyakata na kuyabandika wenyewe kwa gundi. Fugazi walipopanda jukwaani mwaka 1987 njia ilikuwa imeshafunguliwa: rekodi zao, bei yao, na mkataba hakuna, neno tu baina ya watu wanaojuana. Kiingilio dola 5, hata mtoto wa shule aingie. Watu husifu msimamo huo kana kwamba ni utawa. Mimi naona hesabu. Meneja wa kumlipa hawakuwa naye, walilala kwa marafiki, fulana hawakuuza wala hawakutengeneza. Gharama ikiwa ndogo, dola 5 za watu elfu moja ni hela nzuri tu.

Na ya bahasha unaikumbuka? Mtu akianza kuumiza wenzake mbele ya jukwaa, wimbo unasimama, anapewa bahasha yenye dola 5 zake, mlango ule pale. Hebu nyinyi mrudishieni mtu kiingilio hapo Nairobi, kesho atakuja na binamu zake wote.

Mwaka 1993 Ahmet Ertegun, bosi wa kampuni kubwa ya rekodi ya Atlantic, aliwafuata mwenyewe, wakakataa. Wakapumzika 2003, na kuanzia 2011 wakawa wanaweka mtandaoni rekodi za maonyesho yao, mamia kwa mamia, bila kumpigia mtu magoti. Ndiyo maana kile kifungu kinaninyima usingizi. Nyinyi mkitaka kutoa ile kanda ya Kisumu, mtamwomba nani?

Sisemi mkatae. Wao walikuwa na mji uliojaa bendi na kumbi za makanisa. Nyinyi kodi ya ukumbi peke yake inaua. Baba Neema, unamjua maneno yake, lakini hili kanena: waombeni leseni ya miaka michache, umiliki ubaki kwenu. Wakigoma hata kulijadili hilo, basi... aa, utajua mwenyewe.

Wenzako wamesaini au bado? Mpiga ngoma yuko upande gani, maana yule akipewa soda tu anasaini? Mwisho wa kujibu ni lini? Nani kasoma ule ukurasa wa mwisho, wenye herufi za kuchungulia? Na amplifaya yangu bado iko kwa dada yako, au imeshakuwa meza ya chai? Tafuta wakili kabla ya Ijumaa. Nusu ya malipo yake nitatuma mimi.

Wako,
Rama