Njabala hakuwa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jinja. Muhula uliopita alitujia mshauri kijana kuzungumza na darasa la nne kuhusu afya ya akili. Nilifurahi, maana jambo hilo tunalificha mno. Ila alipotafuta mfano akamshika Njabala, yule binti wa hadithi ya Waganda aliyedekezwa hata jembe hakulijua, na mama yake alipofariki Njabala akawa anamwita shambani, mzimu wa mama ukaja kumlimia. Mshauri akasema huyo anasikia sauti, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo.

Kesho yake mtoto mmoja akapachikwa jina la Njabala. Mama yake alifariki mwaka jana. Akimwagilia sukuma wiki za shule huzungumza na marehemu kwa sauti ndogo, anamweleza ipi imeota na ipi imedonolewa na kuku. Wenzake walimsikia siku zote wasiseme neno. Sasa wakamwambia gari la Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, linakuja.

Najua mchezo huu haukuanzia kwetu. Desemba 2000 madaktari wa Kanada waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi yao kwamba dubu Winnie-the-Pooh wa vitabu vya watoto hawezi kutuliza mawazo, rafiki yake Piglet ana wasiwasi uliopita kiasi, na punda Eeyore ana sonona ya muda mrefu. Wale walikuwa wakitania, tena na madaktari wenzao. Mtoto wa miaka tisa atajuaje kuwa ni utani?

Na daktari hapimi mtu hivyo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka dalili za skizofrenia ziwe zimedumu miezi 6, na mfiwa kusikia sauti ya aliyemzika ni jambo la kawaida. Njabala tutampata wapi tumuulize analalaje, anakulaje, tangu lini? Msimulizi alimpa uvivu na msiba, basi, hadithi haikuhitaji zaidi. Bibi yangu alipofika pale mzimu wa mama unapohofia kukutana na mkwe wake, mume wa Njabala, ambaye kwa mila hapaswi kuonana naye, sote tulishika pumzi. Hakuna aliyesema Njabala ana wazimu. Tulimhurumia.

Washauri waje, tunawahitaji sana. Wakimwona mtoto anayehitaji msaada wamwite mlezi wake pembeni, wamwelekeze hospitali. Yule wangu bado anamwagilia mboga, lakini hasemi kitu, na nikimkaribia husogea hadi mwisho wa tuta.

Mwalimu,
Jinja