Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi kuhusu kodi za fremu Mwanza

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

YAH: KUPANDISHIWA KODI ZA FREMU BILA UTARATIBU

Salaam kutoka Mwanza. Nauza nyavu, kamba na maboya hapa mjini, kwenye fremu ambayo nimekaa miaka tisa. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa Ukerewe na Sengerema. Mtu anakuja asubuhi na kipande cha wavu uliochanika, anakitandaza mezani, tunapima matundu kwa rula mpaka tupate saizi yake. Siku akikuta nimehama, ataingia duka la jirani. Kwa hiyo mwenye nyumba anaponiambia "kama huwezi, hama", anajua fika kwamba sina pa kwenda.

Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, tulishangilia. Mteja wa Sengerema hangoji tena kivuko pale Busisi. Septemba nikaletewa karatasi: kuanzia Oktoba kodi inatoka 350,000 kwenda 600,000 kwa mwezi, ilipwe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Sababu iliyoandikwa ni neno moja, "daraja". Nimepewa siku 21 kutafuta milioni 7.2. Hela hiyo kwangu ndiyo mzigo wa dukani. Nilikopa kwenye kikoba nikalipa, na mpaka leo rafu mbili za nyuma hazina kitu.

Kuna na kodi za serikali. Sheria inanitaka nizuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, kwa kuwa ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Nikimkata, ananijibu: "Hiyo ni yako na TRA, mimi nipe changu kamili." Basi naitoa mimi, juu ya pango. Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni mpangaji. Ni 1,500 kwa mwezi, si nyingi, lakini jengo si langu. Bado leseni, bado ushuru wa huduma. Hivyo vya kwangu sivilalamikii, navilipa.

Mheshimiwa, sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni maelewano, na maelewano yenyewe ni haya niliyokueleza. Nikienda Baraza la Ardhi na Nyumba, nitalionyesha kipimo gani kwamba nyongeza hii imezidi? Sikuombi upange bei ya kila fremu. Mwenye nyumba naye alijenga kwa jasho lake, na mji ukikua ana haki ya kuongeza. Ninachoomba ni kanuni: nyongeza itolewe kwa maandishi miezi sita kabla, isiwe zaidi ya mara moja katika miaka miwili, na asiruhusiwe mtu kudai kodi ya mwaka kwa mkupuo. Kaa pia na mwenzako wa Fedha, asilimia 10 na ile ya LUKU zidaiwe kwa mwenye jengo moja kwa moja.

Mkataba wangu unaisha Septemba 2026. Fundi wa injini za boti, fremu ya tatu kutoka kwangu, ameshafunga. Anatengenezea nyumbani kwake Igoma, mbali na ziwa, na wavuvi bado wanakuja kwangu kumuulizia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza nyavu, Mwanza