Wateja wa Dar es Salaam, wapeni mafundi nafasi ya kubuni

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wakazi wenzangu wa Dar es Salaam juu ya jambo ambalo mimi, kama mwenye karakana ya fanicha hapa Keko, ninalishuhudia kila siku ya kazi: vijana wetu wana mawazo mengi, lakini hakuna anayewaomba mawazo hayo. Mteja huja na picha kwenye simu, ya kitanda au sofa lililotengenezwa Uturuki au China kwa ajili ya nyumba za huko, na agizo lake huwa ni kwamba anataka kama hicho kilivyo, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Fundi hupima, hukadiria mbao, hupokea malipo ya awali na kuanza kunakili. Akimaliza, huja mwingine na picha nyingine. Kwa mwendo huo kijana anaweza kukaa karakanani miaka mingi, akaijua randa, patasi na vanishi kuliko hata waliomfundisha, na bado asiwe ametengeneza kitu chochote kilichotoka kichwani mwake.

Simlaumu mteja kwa kutaka kitu kizuri. Fedha yake ni ya jasho, na sisi mafundi tumejijengea sifa mbaya ya kuahidi Ijumaa na kukabidhi mwezi unaofuata, tena kitu kikiwa tofauti na makubaliano, kwa hiyo picha imekuwa ndiyo mkataba wake. Hata hivyo, mazoea haya yanatugharimu sote, na gharama hiyo inaonekana zaidi ndani ya nyumba tunazoishi.

Chukulia chumba kimoja cha kupanga, Mbagala, Tandika au Manzese, anakoishi baba, mama na watoto. Ndani yake kuna kitanda cha sita kwa sita chenye ubao wa kichwani mrefu kama wa kwenye picha, kabati la milango mitatu ambalo mlango wa tatu haufunguki kwa sababu umekutana na kitanda, na ndoo za maji. Mtoto wa darasa la tano anaandika kazi ya shule akiwa amelala kifudifudi sakafuni, au anasubiri wakubwa waondoke kitandani. Kodi ikipanda, familia inahama, na hapo ndipo inapogundulika kwamba kitanda hakipiti mlangoni, kikakatwa kwa msumeno ili kiingie kwenye kirikuu, na kule kiendako kikapigiliwa misumari upya. Nimeitwa mara nyingi kukarabati vitanda vya namna hiyo. Picha ya kwenye simu haijui habari ya chumba hicho. Anayeijua ni kijana wa karakanani aliyelala katika chumba kama hicho jana usiku.

Katika karakana yangu kuna kijana ambaye alitumia mabaki ya mbao za paini kumtengenezea mdogo wake meza ya kusomea inayoshikwa ukutani kwa bawaba, ikakunjuliwa jioni na kukunjwa wakati wa kulala, na nyuma yake akaweka kishubaka chembamba cha madaftari. Hakuna aliyemwagiza. Majirani walipoiona wakaanza kumwomba awatengenezee na wao, na mmoja wao akapendekeza miguu iondolewe kabisa ili ndoo zikae chini yake. Kijana akakubali, akabadilisha, na meza ikawa bora kuliko ya kwanza. Sasa anachora kitanda cha kuunganishwa kwa nati badala ya misumari, chenye droo mbili chini ya godoro, ambacho mwenyewe anaweza kukifungua kwa spana, kukipakia na kukifunga tena bila kumwita fundi. Mimi nimefanya kazi hii tangu ujana wangu, na nakiri kwa furaha kwamba sijawahi kumwona kijana yeyote akifika kazini mapema kama huyu anavyofika siku hizi.

Mji huu una ushahidi wake kwamba mtu akipata nafasi ya kujaribu, hubuni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuja pwani kutafuta kazi, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na alichochorea ni vipande vya ubao wa dari na rangi za mafuta zilizokuwa zikitumika kwenye baiskeli. Kwa macho ya seremala, hivyo vilikuwa vifaa vya ujenzi vya kawaida, na ukubwa wa picha zake nyingi, takriban futi mbili kwa mbili, ni kipimo kinachotokana na ubao wa dari uliokatwa. Alifariki mwaka 1972, akiwa amefanya kazi hiyo kwa miaka michache tu, lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa waliokaa naye, nao wakafundisha wengine, hata leo ukienda Oysterbay, eneo la Morogoro Stores, unakuta wachoraji wameketi wakiendelea. Naona watu wengi wanaposimulia habari zake husifu kipaji na kuishia hapo. Mimi natazama pia bei ya ule ubao: kama kifaa chake kingekuwa cha ghali, asingethubutu kukiharibu, na asiyethubutu kuharibu hapati nafasi ya kugundua.

Vivyo hivyo kwa vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati waliotupa muziki wa singeli. Walirithi mchiriku, muziki uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na spika za kuungaunga katika shughuli za uswahilini, wakaingia na kompyuta za kawaida, wakaongeza kasi ya midundo hadi kupita 200 kwa dakika. Wapo walioudharau muziki huo kuwa ni kelele za wahuni. Leo hii unachezwa kwenye matamasha ya Ulaya, na ulianza kwa watu waliokuwa na mahali pa kujaribia na wasikilizaji wa mtaani walio tayari kusikia kitu kipya usiku uleule kilipotengenezwa.

Basi katika karakana zetu kikwazo kiko wapi? Kwa sehemu kubwa kiko kwetu sisi wenye karakana. Mbao ya mninga ni ghali, na kawaida iliyozoeleka ni kwamba kijana akiikata vibaya, thamani yake hutolewa kwenye posho yake. Kijana anayejua kwamba kosa moja litamla nauli na chakula cha wiki nzima hatajaribu lolote. Atashika picha ya mteja na kuifuata mstari kwa mstari. Nawaomba wenye karakana wenzangu wa Keko, Gerezani, Chang'ombe na kwingineko tukubaliane juu ya jambo hili ambalo halitatufilisi: mabaki ya mbao yaliyo chini ya urefu fulani yasiuzwe kuwa kuni wala kutolewa bure kwa mama lishe hadi vijana wawe wamechagua wanayoyataka, na Jumamosi alasiri, kazi za wateja zikiwa zimekwisha, watumie meza na zana zetu kutengeneza walichokibuni wao. Kikiuzwa, mwenye karakana achukue gharama ya gundi na msasa, kinachobaki kiwe cha aliyekibuni, na jina lake liandikwe nyuma ya kifaa.

Kwa wateja, ombi langu ni pana zaidi. Unapokwenda kuagiza fanicha, pamoja na picha yako, mweleze fundi vipimo vya chumba, upana wa mlango, watu wanaolala humo, mahali watoto wanaposomea, na kama unatarajia kuhama. Kisha mwulize yeye angetengeneza nini. Mwombe kwanza mfano mdogo wa boksi gumu au mabaki ya plaiwudi, ambao hauchukui zaidi ya saa chache kuutengeneza, ili uone kwa macho na ukatae au ukubali kabla mbao haijaguswa. Hii itakulinda zaidi kuliko picha, kwa sababu picha haina vipimo vyako, na itamlazimu fundi kufikiri badala ya kukisia.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayefungua redio mbovu ili aone kilichomo, au anayetengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili, mara nyingi hukaripiwa kwamba anachafua na kupoteza muda wa twisheni. Sipingi twisheni, kwa kuwa nami nimelipia za wanangu. Naomba tu ibaki angalau siku moja katika juma ambayo mtoto hana somo la kukariri, na mtu mzima mmoja amwulize kitu alichotengeneza kinafanyaje kazi.

Serikali imekwisha kufungua mlango kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyoleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari, na nalipongeza hilo kwa dhati. Walimu wa mkondo huo wasiishie kumpa mwanafunzi mchoro uliokwisha chorwa. Wampe tatizo la nyumbani kwake alitafutie mchoro. Halmashauri za jiji na manispaa zetu, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zikubali kuona kifaa chenyewe pamoja na andiko la mradi, kwani kijana hodari wa patasi si lazima awe hodari wa kuandika.

Na kwa waandaaji wa maonyesho ya Sabasaba, ambako kila Julai tunapeleka bidhaa zetu bora, naomba litengwe banda moja kwa ajili ya wanagenzi wa karakana za jiji, la vitu walivyobuni wenyewe kwa ajili ya vyumba vidogo vya kupanga, na banda hilo lipangwe kwa ukubwa halisi wa chumba cha futi kumi kwa kumi, kikiwa na mlango wake, ili mwananchi aingie, akunjue meza, avute droo, na aweke oda yake kwa kijana aliyesimama hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye karakana ya fanicha,
Keko, Dar es Salaam