Wenzetu wanaosubiri majibu + kikao cha Jumamosi

Habari za jioni wapendwa, najua wengine mko kwenye foleni ya Buzuruga so naandika haraka. Kuna wenzetu wawili washapandikizwa viinitete (yale mayai yaliyorutubishwa maabara, IVF) wiki hii, na jamani zile wiki kama 2 za kusubiri kipimo cha damu cha mimba ndo ngumu kuliko sindano zote, kwahiyo tusiwaulize "vipi, tayari?" kila asubuhi, wakitaka kusema watasema wenyewe. Na nyie mnaosubiri achaneni na vile vipimo vya mkojo vya duka la dawa, ile sindano ya kupevusha mayai mara nyingi ina homoni ileile ya mimba, ukipima mapema inakudanganya, na progesteroni (ile homoni ya kusaidia mimba ishike) nayo inajaza matiti na tumbo mpaka unajiona tayari umenasa. Kulia bafuni umefungulia maji ili mama mkwe asisikie, hiyo tunaijua, we nipigie tu hata saa sita usiku.

Picha za ultrasaundi tafadhali andika kwanza kwamba inakuja picha kabla ya kutuma, sio kila mtu ana moyo wa kuziona siku hiyo.

Wakaka sasa. Karibu nusu ya kesi za kukosa mtoto zinagusa upande wa mwanaume pia ila lawama zote kwa mke, aisee inakera, na wao wanaumia kimyakimya hawana pa kusemea. Jumamosi saa tisa tukutane Capri Point, njooni na shemeji zetu, mshauri nasaha atakuwepo. Chai ipo, sambusa kila mtu na zake 😂