Ford Explorer si gari moja: sahihisho kwa makala ya wiki iliyopita

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapa wiki iliyopita kuhusu magari ya Kimarekani yanayozidi kuonekana katika jiji letu la Lubumbashi, na ninawashukuru kwa kuligusa jambo ambalo sisi mafundi tunakutana nalo garajini kila siku. Hata hivyo kuna sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite. Mwandishi wenu alisema kwamba Ford Explorer ni pikapu iliyovishwa mwili wa gari la familia, na kwamba haikubadilika tangu ilipotoka kiwandani mara ya kwanza. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ilikuwa kweli kwa miaka ishirini, kisha ikakoma kuwa kweli. Sehemu ya pili haijawahi kuwa kweli hata siku moja, na mtu anayeiamini anaweza kutoa dola zake kwa gari asilolikusudia, kama alivyofanya shemeji yangu, ambaye habari zake nitazieleza huko mbele.

Explorer ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1990, ikihesabiwa kuwa modeli ya mwaka 1991, ili kuchukua nafasi ya Bronco II, kijipu kifupi chenye milango miwili ambacho baba wa watoto watatu hakuweza kukitumia kwa raha. Ilikalia shasi, yaani fremu ya chuma ya chini, ya Ranger, pikapu ndogo ya kampuni hiyohiyo. Nyuma ilikuwa na ekseli moja nzima iliyobebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka, na mbele ilikuwa na injini ya V6 (silinda sita) ya lita 4.0, yenye asili yake Cologne, Ujerumani, iliyotoa nguvu za farasi 155. Hapo mwandishi wenu ana haki kabisa. Ukilala chini ya Explorer ya wakati ule utaona miti miwili ya chuma imetoka mbele hadi nyuma, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti, kama ilivyo kwa pikapu yoyote. Wamarekani waliipenda mno, kwa kuwa iliwapa milango minne ya abiria, kiti cha nyuma cha maana na umbo la gari la safari, bila ukubwa wa kuogopesha barabarani. Mwaka 2000 pekee ziliuzwa zaidi ya 445,000 nchini mwao.

Katika miaka ya katikati ilibadilika mara kadhaa. Modeli ya 1995 iliondoa mfumo wa zamani wa ekseli mbili zilizopishana mbele, ikaleta mikono ya juu na ya chini ya kushika magurudumu pamoja na vyuma vya kujisokota badala ya springi, na ikawapa dereva na abiria wa mbele mifuko ya hewa. Mwaka uliofuata ilipatikana V8 ya lita 5.0. Kwa modeli ya 1997 ikaja V6 nyingine ya lita 4.0, yenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu, juu ya kila kichwa cha injini na nguvu za farasi 205, na hii ndiyo ninayoomba wasomaji waisikilize kabla ya kuinunua. Baadhi ya minyororo yake ya kuendesha kamshafti imewekwa nyuma ya injini, upande wa geabokisi. Vishikizo vya plastiki vya minyororo hiyo vinapochakaa, injini hutoa mlio kama wa kopo lenye misumari, hasa asubuhi ikiwa bado baridi, na fundi hawezi kuvifikia vya nyuma bila kuishusha injini nzima. Muuzaji akikuwashia gari ambalo tayari lina moto, mwambie utarudi kesho alfajiri.

Jambo ambalo makala yenu haikuligusa hata kwa neno moja, nami nilitazamia lingekuwa la kwanza, ni la tairi. Explorer nyingi za miaka ya tisini zilitoka kiwandani na tairi za Firestone, na Ford ilishauri zijazwe hewa kwa kipimo cha pauni 26, yaani takriban bari 1.8 kwa kipimo tunachokitumia sisi hapa Kongo. Hewa kidogo hulainisha mwendo wa gari lenye springi ngumu, lakini tairi lenye hewa haba hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto likizidi, mpira wa juu unaokanyaga barabara huachana na mikanda ya chuma iliyo chini yake. Ongezeni mizigo, mwendo wa kasi na jua la Texas, Florida au Arizona. Tairi la nyuma lilipochanika ghafla katika barabara kuu, dereva alishtuka, akakata usukani au akakanyaga breki kwa nguvu, na gari lililosimama juu vile likabingirika. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone ilitangaza kurudishwa kwa tairi milioni 6.5. Idara ya usalama barabarani ya Marekani ilihusisha vifo 271 na tairi hizo.

Kampuni hizo mbili, ambazo waanzilishi wake Henry Ford na Harvey Firestone walikuwa marafiki na zilikuwa zimefanya biashara pamoja kwa karibu miaka mia moja, zilianza kutupiana lawama hadharani. Firestone ilisema gari lenyewe lina kasoro, na kwamba shinikizo lile la pauni 26 lilikuwa dogo mno, ikataka liwe 30. Ford ilisema tairi ndizo mbovu, na mwezi Mei 2001 ikaahidi kubadilisha nyingine milioni 13 kwa gharama yake. Mwezi huohuo Firestone ikavunja uhusiano. Mwishowe idara ya serikali iliona kasoro katika tairi, na mwaka 2002 ikakataa ombi la Firestone la kuanzisha uchunguzi juu ya Explorer. Mimi, kama fundi, sina ugumu wa kuamini kwamba tairi zilikuwa na kasoro na wakati huohuo kwamba bari 1.8 ni hewa ndogo kwa gari la uzito ule.

Kutokana na mkasa huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2000, na sheria hiyo ndiyo iliyozaa ile taa ya rangi ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Magari madogo yote mapya ya Marekani yalilazimika kuwa nayo kufikia modeli ya 2008. Ninasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu wateja wangu wengi huniletea gari taa hiyo ikiwaka na kuniomba niizime, si nitafute tatizo. Wengine wamebandika karatasi juu yake. Tukivalisha tairi za mitumba, kidude kinachopima hewa ndani ya rimu hutupwa pamoja na valvu ya zamani, halafu tunasema gari la Kimarekani lina elektroniki mbovu. Kwa wanaokwenda Likasi na Kolwezi kila wiki, wakiwa na mizigo hadi kwenye dari, katika joto la mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza, mkasa wa Explorer unawahusu, hata wakiwa na Toyota. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, na umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake kwa tarakimu nne: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kijana wa kompresa akiuliza atie ngapi, msimjibu kwa mazoea.

Ford yenyewe ilijifunza. Modeli ya 2002 ilipanuliwa, ikapata safu ya tatu ya viti, na ekseli nzima ya nyuma ikaondolewa ili kila gurudumu lipande na kushuka peke yake. Wahandisi walitoboa shasi na kupitisha shafti za magurudumu ndani ya matundu hayo, wazo ambalo mpaka leo nikilitazama ninalistaajabia. Baadaye ukaongezwa mfumo wa kompyuta unaokanyaga breki wenyewe pale gari linapoanza kuelekea kubingirika. Modeli ya 2006 ilibaki juu ya shasi, ikiwa na V8 yenye nguvu zaidi.

Sasa nafika kwenye kiini cha sahihisho langu. Mwezi Julai 2010 Ford ilionyesha Explorer ya modeli ya 2011, na shasi ya pikapu ikawa imekwisha. Bodi na sakafu vikawa kitu kimoja, injini ikalazwa kwa upana kama katika gari dogo la mjini, na gari la bei ya chini likavutwa na magurudumu ya mbele tu. Lilikuwa na undugu na Taurus, gari la kawaida la kampuni hiyo, na likaanza kuundwa Chicago badala ya Louisville. V6 ya lita 3.5 ilitoa nguvu za farasi 290, mwendo ukawa laini, na matumizi ya esansi yakapungua. Wale waliolipia uendeshaji wa magurudumu manne walipewa kitufe cha kuzungusha chenye kuchagua lami, matope, mchanga au theluji. Ni gari zuri, silikatai. Lakini halina tena gia ile nzito ya chini ambayo dereva wa vijijini huitegemea anapopanda kilima chenye matope akiwa amejaza magunia.

Shemeji yangu alinunua ya mwaka 2013 kutoka kwa muuzaji mmoja aliyemwambia ni gari la shamba, naye akaipeleka kubeba mahindi katika njia za matrekta nje ya mji. Miezi michache baadaye aliniletea gari hilo likiwa na mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Katika injini hiyo pampu ya maji imefichwa ndani, nyuma ya kifuniko cha mbele, na huzungushwa na mnyororo wa kamshafti. Ikivuja, maji yanaweza kuingia moja kwa moja katika mafuta ya injini. Pampu yenyewe si ghali. Kuifikia ndiko kulikochukua siku nne, na shemeji hakuzungumza nami kwa wiki mbili, kana kwamba mimi ndiye niliyeiweka pale.

Ile ya 2020 ni gari jingine tena: injini imerudi kusimama kwa urefu, nguvu huenda kwanza kwenye magurudumu ya nyuma, geabokisi ina gia kumi, na ipo hata ya injini inayosaidiwa na betri. Bado haina shasi ya pikapu.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, ninaomba mchapishe sahihisho kwamba jina Explorer halimwambii mnunuzi chochote mpaka aongeze mwaka. Asitegemee mdomo wa muuzaji wala rangi mpya. Asome namba ya chasisi yenye alama 17, inayoonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na atazame alama ya kumi. Ikiwa ni tarakimu 2, gari ni modeli ya 2002. A ni 2010, ya mwisho kukalia shasi. B ni 2011. L ni 2020. Mwandishi wenu akitaka kuhakikisha kwa macho yake, wiki hii nina mbili garajini, ya 1998 na ya shemeji. Aje alale chini ya zote mbili. Turubai la kutandika ninalo.

Msomaji wenu wa miaka mingi,
Fundi makanika, Kamalondo, Lubumbashi